Mia ya Sita

Faza, Mfungo Mosi, mwezi 11

Dada yangu Zamzam, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Ndau? Yale matone ya masikio yamekusaidia, au bado sauti za watu wazisikia kama zatoka ndani ya mtungi? Na goti je? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila presha yangu haijatulia. Uliniambia simu imekuwa haina faida kwako tena, na ule ujumbe mfupi wakuacha na njaa. Ukasema, niandikie kila kitu, hata upuuzi, nisome nikiwa peke yangu. Basi nimenunua daftari. Nitaandika masika yote, kisha nitampa Shukri wa boti akuletee. Siku ukiikuta haina neno, jua haikuwa na neno.

Leo nimefunga, ya nne katika zile sita za baada ya Ramadhani. Mvua imeonja kidogo ikaondoka.

Mwezi 12

Mahamri yamekataa kufura. Basi.

Mwezi 14

Leo nina neno, tena kubwa.

Wamjua Sista Nerea, yule muuguzi wa hospitali, Mjaluo, mrefu, aliyenishona mguu mwaka jana nilipokatwa na bati. Huu mwaka wake wa tatu hapa Faza. Jumapili akitoka kusali na wenzake hupitia kwangu, huketi barazani, nami humpa chai na mahamri. Yeye ndiye anipimaye presha, na mimi ndiye nimfundishaye kukuna nazi bila kujikuna vidole. Leo alikuja amechangamka.

"Bi Radhiya, nyinyi mnaomba sana. Niombeeni ndugu yangu."

"Mgonjwa?"

"Aka! Mzima kama ng'ombe. Anachezea Kenya kriketi. Fanuel. Timu tatu za nje zinakuja Nairobi, na kila Jumamosi anacheza."

Nikamuuliza kriketi ndiyo ile ya magongo ama ni nyingine. Akachukua mwiko wangu, akasimama katikati ya baraza na sare yake nyeupe, akanionyesha. Nyuma yako kuna vijiti vitatu. Mtu anakuja mbio, anakurushia mpira mgumu kama jiwe. Wewe una gongo bapa. Ukiupiga mbali, unakimbia upande wa pili, na kila ukifika ni mkimbio mmoja. Ukikosa ukaangushiwa vijiti, ama mtu akaudaka mpira kabla ya kugusa chini, umetoka.

"Unatoka, kisha unarudi?"

"Huwezi kurudi. Siku yako imeisha."

"Kwa kosa moja tu?"

"Moja tu."

Zamzam, hilo limenishika. Mchezo ambao mtu mzima anaweza kusimama mchana kutwa hajakosea, akakosea mara moja, ikaisha. Nikamuuliza mpaka chai ikapoa. Mtu akipata mikimbio mia moja kabla hajatolewa, hiyo ndiyo sifa yenyewe, waiita kufika mia. Wengine hustaafu hawajafika hata mara moja. Fanuel, dhidi ya nchi za nje, amefika mara tano.

"Akifika ya sita," Nerea akasema, "hakuna Mkenya atakuwa juu yake. Saa hii wako wawili na tano tano. Yeye na mzee fulani wa zamani, Famau. Huyo sidhani hata yuko. Mtu aliniambia alishakufa."

Birika nilikuwa nimeishika. Nikaiweka chini polepole.

Dada, baba yake Jeilani aliitwa nani? Si Mzee Famau bin Omari? Wewe ulikuwako kwenye harusi yetu, miaka tisa sasa. Jeilani alitwambia aliwahi kucheza kriketi ujanani Mombasa, na shemeji akasema huo ni mchezo wa Wahindi, tukacheka, tukaendelea na pilau. Mimi nilidhani ni kama watu wachezavyo bao jioni. Sikuuliza. Miaka tisa sikuuliza!

Kwa Nerea sikusema kitu. Nilisema inshallah tutamwombea.

Jioni Jeilani alikuwa uani na vyombo vya injini kwenye karai la petroli. Nikamwambia, "Huyo Famau aliyefika mia mara tano ni nani?"

Hakuinua kichwa. "Ni mimi."

"Wasema ulikufa."

"Nani?"

"Sista Nerea. Kaambiwa."

Akapuliza kitundu cha kabureta, akakitazama kwenye mwanga. "Basi mwambie aniombee maghfira."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Baadaye kidogo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Ndugu yake ndiye Fanuel?" Mimi jina sikuwa nimelitaja.

Mwezi 16

Nimemaliza sita zangu. Nimemuuliza Jeilani kwa nini hakuniambia. Asema, "Hukuniuliza." Nimemuuliza kwa nini Faza nzima haijui. Asema, "Ningemwambia nani? Wavuvi?" Kisha akaenda zake msikitini mapema kuliko kawaida.

Mwezi 17

Mvua. Chuoni, pale nisomeshapo Kurani, wamekuja wasichana watatu tu.

Mwezi 20

Jumamosi ya kwanza. Jeilani amechukua pikipiki kwenda Mtangawanda, asema kuna injini ya kutazama bandarini. Mimi nikamwacha aende. Injini anayoishughulikia iko uani kwangu, nimeiruka mara mbili leo nikienda kuanika nguo. Lakini Mtangawanda mtandao wa simu ni mzuri kuliko hapa.

Nerea amepita jioni, mnyonge. Fanuel ametolewa kwa ishirini na tatu. Nikampa pole. Na sasa nakwambia wewe peke yako: moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilimtilia sukari vijiko vitatu badala ya viwili. Mume wangu bado yuko juu. Sikujua kuwa nina mume aliye juu ya kitu chochote, na nilipojua tu, nikawa siko tayari kumshusha.

Mwezi 23

Leo kazungumza. Sijui kilichomfungua. Huenda ni mvua, maana ilinyesha toka alfajiri, hakuna aliyeleta injini. Nilikuwa nimemaliza adhuhuri, nimo kwenye tasbihi, naye kalala kwenye mkeka akinitazama vidole.

"Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya," akasema.

"Nini?"

"Mia."

Asema mtu akianza kuihesabu ile mia, humshinda. Hufika themanini, macho yake yakaenda kwenye ubao wa hesabu, miguu ikawa mizito, akafanya pupa, akatoka. Yeye siku moja, akiwa bado kijana, alifika tisini na tatu akatoka kwa ujinga, akalia chumbani. Mechi iliyofuata akaigawa ile mia kama tunavyoigawa baada ya sala. Thelathini na tatu subhanallah. Akifika hapo ameshamaliza kitu kizima, hana deni. Anaanza nyingine, thelathini na tatu alhamdulillah. Kisha thelathini na tatu Allahu akbar. Ubao hakuutazama kabisa.

"Hizo ni tisini na tisa," nikamwambia.

"Inabaki ile ya kukamilisha. Hiyo nilikuwa naisema yote, la ilaha illallah wahdahu, mpaka mwisho, mwenye mpira akija mbio."

"Na mara ngapi ulifika hivyo?"

"Zote tano."

Zamzam, nilimtazama yule mtu na fulana yake ya mafuta nikaona kama simjui. Nikamuuliza kama aliwahi kumfundisha mtu. Akasema hapana. Hakuna aliyemuuliza, na pia ilikuwa yake.

Mwezi 27

Jumamosi ya pili.

Jeilani alikwenda Mtangawanda bila hata kusema uongo. Nerea alikuwa zamu, lakini alikuwa akinitumia ujumbe kila baada ya muda. Arubaini. Sitini. Sabini na tano. Themanini na nane. Mimi nilikuwa nakanda unga, kila simu ikilia naifuta kwa kiwiko. Tisini na nne. Nikaacha unga. Nikasimama mlangoni nikasema, Ya Rabbi, si leo.

Kisha kimya. Kisha Nerea: "Mvua! Mvua Nairobi! Wamesimamisha."

Haikuacha. Mechi ikafutwa, Fanuel akabaki na tisini na nne zake, hajatolewa wala hajafika.

Jeilani alirudi magharibi ameloa chepechepe, na bandarini Mtangawanda kuna banda. Sikumuuliza kwa nini alisimama nje. Nilimpa kanga ajifute. Nami nikasali rakaa mbili za shukrani, na nilipokuwa kwenye sijda nikaona haya. Yule ni mtoto wa watu. Ana dada anayenipima presha.

Mwezi 29

Hakuna neno. Mwezi watazamwa, kuna mawingu.

Mfungo Pili, mwezi 2

Nerea: "Bi Radhiya, mliomba kweli? Tisini na nne! Ongezeni kidogo tu." Nikasema inshallah. Nimekuwa mtu wa inshallah za uongo.

Mwezi 4

Ijumaa. Baada ya alasiri tulikuwa kwa Bi Nana, kwenye kisomo chetu cha wanawake. Wamjua Nana, mzee sasa lakini sauti bado inatoboa dari. Nami sijui nilipandwa na nini. Nikamwambia, Bi Nana, nina jambo, nataka nisomewe.

"Ndoo ukae hapa. Yeo una nini?" akauliza, akinivuta nikae ubavuni pake.

"Kuna kitu cha nyumbani kwangu, mtu mwingine ataka kukichukua."

Nana akanitazama kwa huruma, kumbe ameshaelewa kwa njia yake: kaona mke mwenza. Akapiga paja. "Atakiona! Tumsomee Halbadiri!"

Nikasema hapana, dua tu yatosha, si kisomo cha kumwapiza mtu. Lakini Nana akishaanza haachi. Yakasomwa majina ya watu wa Badri mpaka mwisho, kwa nguvu, na bibi mmoja nyuma akilia akimkumbuka mwenzake wa zamani. Jina la mtu sikulitaja. Lakini kila jina la Badri lililopita, mimi nilikuwa namuona kijana mwenye gongo. Kisha tukala sambusa.

Mwezi 5

Nerea kapiga simu badala ya kuandika, na sauti yake haikuwa yake.

Fanuel alikuwa na sitini na moja, anaenda vizuri. Mpira umempiga kidole cha mkono wa kulia. Kimevunjika. Wamemtoa uwanjani kwenda hospitali.

Sijala.

Mwezi 6

Sikulala wala sikuweza kusoma. Baada ya alfajiri nimekwenda kwa Nana peke yangu, nimemwambia yote: kriketi, Jeilani, mara tano, kijana, kidole. Nana alinisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hivyo hakuna mke mwenza?"

"Hakuna."

"Subhanallah. Sisi twamtandika mwanamke asiyekuwako, kumbe kavunjika kijana wa watu Nairobi!" Akataka kucheka, akaniona uso, akaacha. "Sikiza, mwanangu. Mimi sijui kama kidole kile kimevunjwa na kisomo au na mpira. Mungu ndiye ajuaye. Ila wewe ulimtakia mabaya moyoni, na hiyo ni haki ya mtu iliyo juu yako. Haki ya mtu haifutwi hapa kwangu. Mwendee mwenyewe, umtake radhi."

"Yuko Nairobi."

"Dadake hayuko Nairobi."

Nilitoka hapo moja kwa moja. Mvua ilikuwa inanyesha njia nzima. Nyumba za wauguzi ziko nyuma ya hospitali, nikabisha. Nerea alikuwa amefunga kichwa kitambaa, macho yamevimba.

"Ingia, mama. Umeloa."

Sikuingia. Nilijua nikiketi nitashindwa. "Sista, yule Famau hakufa. Ni Jeilani wangu."

Akacheka kidogo, akidhani namfanyia mzaha wa kumfariji. "Fundi Jeilani? Wa injini?"

"Ndiye. Na toka uliponiambia habari ya ndugu yako, nimekuwa nikiomba asifike. Nimekuambia inshallah nami naomba kinyume. Na juzi Ijumaa tumesoma."

"Mmesoma nini?"

Nikamweleza. Akawa hacheki.

"Mmesoma kitu juu ya Fanuel."

"Jina sikulitaja."

"Lakini ulimfikiria yeye."

"Nilimfikiria."

Kisha akaingia ndani, nikadhani amenifungia. Akarudi na kile kipimo chake, akanivuta mkono, akanifunga ule mfuko, akapima pale pale mlangoni.

"Mia na themanini," akasema. "Umetembea kwa presha hii?" Akanipa kidonge na kikombe cha maji, akangoja mpaka nimemeza. "Sasa nenda nyumbani, Bi Radhiya. Leo sitaki kukuona."

Mwezi 7

Nimemwambia Jeilani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliweka spana chini.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Mimi nilikuomba unilindie?"

"Hukuniomba. Nilitaka kikubakie."

Nikaondoka kwenda jikoni. Akanifuata, akasimama mlangoni, jambo ambalo hafanyi. "Ile siku ya mvua," akasema, "nilikuwa nimesimama nje pale bandarini, simu mkononi. Nikasema, izidi. Nilisema kwa mdomo, kuna mtu akanigeukia." Akafuta mikono kwenye suruali. "Watu hawajui zile tano, Radhiya, lakini mimi najua. Nikichokonoa injini ya mtu aniitaye we fundi, njoo hapa, mimi ndani najua. Zikiondoka hizo nabaki na nini?"

Nilimwambia akae, akakaa, tukamenya vitunguu pamoja.

Mwezi 10

Nerea hajapita.

Mwezi 11

Ijumaa. Sikwenda kisomoni. Upepo wa kusi umeanza, boti za Ndau hazikutoka.

Mwezi 12

Kenya wamecheza bila Fanuel. Wameshinda hata hivyo, na sasa wamo fainali. Haya yote nimeambiwa na Jeilani. Kwa Nerea nimepeleka mahamri kwa mkono wa mfagizi wa hospitali. Sahani imerudi imeoshwa, haina kitu wala salamu.

Mwezi 15

Mvua. Ukuta wa choo umelala.

Mwezi 18

Fainali ilikuwa ichezwe kesho. Uwanja umejaa maji, imesogezwa mpaka Jumamosi ya mwezi 26. Kidole cha yule kijana kinapewa wiki nzima zaidi ya kupona. Nimejikuta nasema alhamdulillahi, nikashtuka, maana safari hii ilitoka yenyewe.

Mwezi 22

Nerea amekuja. Hakuja kwangu. Alisimama chini ya baraza na mwavuli, akasema, "Hodi. Nimemtaka mzee."

Jeilani alikuwa ndani. Nikamwambia ndani yupo, panda. Hakupanda. Akaeleza akiwa pale pale. Amemwambia Fanuel kuwa Famau yuko hai, yuko Faza, anatengeneza injini za boti. Fanuel akapiga ukelele kwenye simu, kwa furaha. Yeye mwenyewe alianza kushika gongo kwa kuwa kocha wake wa shule alimsimulia habari za Famau. Sasa atacheza fainali na kidole kimefungwa, na usiku hapati usingizi. Toka zile tisini na nne kila akifumba macho anauona ubao wa hesabu. Ataka kumuuliza Famau jambo moja tu: ulikuwa unafanyaje kuanzia themanini?

Nikaingia ndani. Jeilani ameshasikia kila neno, yuko nyuma ya pazia.

"Mwambie sipo," akasema.

Nikatoka. "Asema hayupo."

"Bi Radhiya, miguu yake naiona chini ya pazia."

"Naiona pia," nikamwambia. "Lakini asema hayupo."

Nerea akakunja uso, na nakuapia kidogo acheke. Akajizuia. Akaenda.

Mwezi 23

Sikumsemesha jambo hilo. Nilikuwa nimeshajiingiza vya kutosha kwenye tano za mtu. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala, akauliza mbona leo siulizi maswali. Nikasema maswali yamekwisha. Akasema, "Uongo." Nikasema, kweli ni uongo.

Mwezi 24

Baada ya isha alivaa kanzu safi akatoka. Nilidhani msibani. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alivua kofia, akaketi kitandani.

"Nimetoka kwa Sista. Nimezungumza na yule kijana."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kidole asikitie nguvu, gongo lishikwe na mkono wa juu, wa chini uelekeze tu." Akaikunja kofia. "Na nimemwambia asiihesabu mia."

"Umempa thelathini na tatu?"

"Nimempa."

"Zako?"

"Aliniuliza, Radhiya. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza ila wewe na yeye." Akajilaza akatazama dari. "Akauliza, na ile moja ya mwisho nasema nini, mzee? Mimi si Mwislamu. Nikamwambia sema unalomwambia Mungu wako ukiwa huna mtu mwingine."

Alisinzia haraka. Mimi nilikaa macho nikimtazama, na sikuona mtu aliyepungukiwa, wala sikuona malaika. Alikuwa anakoroma.

Mwezi 26

Fainali. Naandika kabla sijasahau hata moja.

Asubuhi Nerea alituma mtu: "Bi Radhiya na mzee waje kwangu, mtandao wa hospitali leo ni mzuri." Tukaenda. Akatupa viti. Mimi akaniamkua kwa adabu, na adabu ile iliniuma. Simu akaiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti iwe kubwa, sufuria juu ya kigoda, sisi watatu tukaizunguka. Mtangazaji alikuwa anasema Kiingereza mbio mbio, Jeilani akitufasiria.

Fanuel akaingia. Mwanzo hakuna kitu, mmoja, mmoja, kimya. Jeilani alikuwa kafumba macho. Kila mpira anakaza bega kidogo, hata yeye hajui. Ulipofika mkimbio wa thelathini na tatu akasema kwa sauti ndogo, "Ya kwanza hiyo."

Nami nilikuwa na tasbihi mkononi, nikajikuta naihesabu naye. Sikukusudia. Yeye akikimbia Nairobi, mimi nasukuma punje Faza. Ya pili ikaisha, sitini na sita. Nerea alikuwa anang'ata kanga aliyojitanda. Mvua ikaanza juu ya bati, tukasogeza vichwa karibu na sufuria mpaka vikagusana. Themanini. Themanini na tano. Pale mtangazaji akapandisha sauti, na kwa mara ya kwanza nikalisikia: "Famau." Hakulitamka sawa, alisema Fámo. Kisha tena. Jeilani akafungua macho.

Tisini na nne. Hapo ndipo mvua ya mwezi uliopita ilipomwacha. Mpira mmoja, hakuna kitu. Mwingine, hakuna kitu. Kisha akapiga ukaenda mpaka ukingoni, hizo ni nne kwa mara moja bila kukimbia. Tisini na nane. Akakimbia mmoja. Tisini na tisa.

Zamzam, punje zilikuwa zimeniishia mkononi, nimefika kwenye ile ya kukamilisha. Nilikuwa nataka afike. Nakuambia kweli mbele ya Mungu, nilikuwa nataka kama nilivyowahi kutaka mwanangu azaliwe mzima. Nikaanza kuisema yote, na kabla sijafika mwisho Nerea akapiga ukelele uliotoa watu wodini: kafika, mia ya sita!

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama Jeilani.

Jeilani akauliza, "Ile ya mwisho kaipiga upande gani?"

"Sijui, mzee. Sikusikia."

"Kwa mkono wa juu," akasema, kama anajijibu. Akasimama, akavaa viatu, akashuka ndani ya mvua bila mwavuli. Nikataka kumfuata, Nerea akanishika kanga. "Mwache," akasema. Lilikuwa neno la kwanza la kawaida aliloniambia kwa wiki tatu.

Alirudi baada ya magharibi. Simu ya Nerea ilikuwa haijaacha kulia, watu wa redio na magazeti wakimtafuta Famau, yuko wapi, ana miaka mingapi, kweli yu hai? Nilimwambia hayo huku nikimpa nguo kavu.

"Miaka ishirini hawakunitaja," akasema. "Leo kwenye ile sufuria wamenitaja mara saba."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu." Na macho yake yalikuwa mekundu, lakini huenda ni mvua.

Mwezi 28

Bandarini wamemwita "Mzee Famau". Kaniambia mara mbili, mara ya pili akijifanya amesahau kuwa ameshaniambia.

Nerea kaja kunywa chai. Tumezungumza bei ya unga, ukuta wa choo, presha. Alipoondoka hakusema niombeeni. Hajaniomba dua tena toka siku ile, nami sijamuuliza. Hilo nimelikubali, ni langu la kubeba.

Mfungo Tatu, mwezi 2

Daftari limejaa, na Shukri asema kesho bahari itamruhusu kufika Ndau, kwa hiyo namalizia hapa.

Fanuel anakuja Faza baada ya Idi, kumwona dada yake na kumwona Jeilani. Jeilani asema atampokea mwenyewe Mtangawanda, hataki mtu mwingine aende. Tangu jana anapiga deki uani na kuficha mapipa ya mafuta. Nimemuuliza nimpikie nini mgeni. Akafikiri sana, akasema, "Mpikie vizuri, biriani, na samaki, kila kitu. Lakini ule ukwaju wa pilipili usimpunguzie. Hebu tumwone."

Dada, njoo kama goti lakuruhusu, unisaidie kupika. Na kama hutaweza, niandikie tafadhali, mpe Shukri huyu huyu arudi na jibu. Usichelewe, nangoja.

Ndugu yako, Radhiya